Neno Moja Tulilolielewa

Mwaka jana niliandika ubaoni: Wayahudi milioni sita.
Kwa tarakimu, sifuri zote; chaki ikakatika kwenye ya tano.
Kidato cha Tatu B, Chang'ombe, saa saba na nusu mchana,
jasho, na harufu ya mihogo ya Mama Shani dirishani.
Kule nyuma mtu akanong'ona: "Bodaboda mbili."
Wakacheka. Sikumchapa.
Kosa lilikuwa langu:
niliwaleta watu kwa bei ya jumla.

Mwaka huu nimekuja na bibi mmoja.
Yumo ndani ya flashi. Spika nimeiazima kwa fundi redio wa Keko.
Hanelore Grunbaum, mzaliwa wa Erfurt,
alirekodiwa akiwa na miaka themanini na mbili.
Anaanza kwa kukohoa. Anaomba maji.
Kikohozi sikukikata.

Kijerumani chake kikapita juu ya vichwa vyetu
kama ndege zinazoshuka Kipawa,
mpaka Ndeshi akadaka kitu:
"Mwalimu! Kasema shule!"
Nikarudisha.
Shule. Na tena, shule.
Darasa likakaa wima, kama mtu aliyeiona
kanga ya mama yake kwenye kamba ya jirani.

Neno letu hilo, wakabisha.
Walituachia wao, nikasema, walipoondoka,
hilo, na hela,
na kaburi la babu wa babu yangu kule Songea.

Kisha nikawasomea tafsiri yangu, kurasa mbili za mkono.

Novemba, mwaka wa thelathini na nane. Ana miaka tisa.
Mwalimu anaita majina. La kumi: nipo.
La kumi na moja ni lake.
Mwalimu anameza mate, anaita la kumi na mbili.
Trude, wanayekaa naye dawati moja,
anahamisha kidau chake cha wino, anakiweka upande wa pili.
Taratibu. Usimwagike.
Hakuna aliyenipiga, anasema bibi. Siku hiyo, hapana.
Alifunga daftari, akatoka, akasahau kofia yake ya sufu.

Mengine yalikuja baadaye: treni, na dada yake Edit,
na mlango. Juu ya mlango ana sentensi moja tu,
halafu kimya cha sekunde arobaini.
Tulizikaa zote. Feni mbovu. Mihogo inaungua nje.
Anaporudi, anarudia wino.

Mihayo akanyoosha mkono.
Mihayo aliyehamishwa Sengerema usiku,
mwenye kofia pana na mafuta ya jua ndani ya chupa ya maji,
anayekaa mbele kwa kuwa macho yake hayafiki ubaoni,
aliyenijibu kwa kichwa muhula mzima.
"Huyo Trude. Bibi alimjua na jina la baba yake?"
Sijui, nikasema. Kwa nini?
"Mimi wangu nawajua wote.
Walikuwa wakija kwetu kuomba chumvi."

Sikumwambia ni jambo lile lile. Si lile lile.
Maumivu hayavai nguo ya kuazima.
Nilichukua dasta
nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mkuu wa shule ananiuliza: hili litatoka kwenye mtihani?
Sidhani, mkuu. Labda kwenye mwingine.

Leo asubuhi nimefungua daftari la mahudhurio.
La nane, nipo. La tisa. La kumi, nipo.
La kumi na moja ni Yusta Komba, mtoro sugu,
ambaye kwa kawaida namruka ili kuokoa muda.
Nikakwama. Kalamu hewani.
Vichwa hamsini na nne vikainuka.

"Mwite tu, mwalimu," akasema Mihayo.
"Yuko getini. Kachelewa."

Nikaita.